Kasmiri Semboja na Lambo la Misima

Tarehe 30 Juni 1977, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi, Ndugu Kasmiri Semboja, msimamizi wa malambo na mifereji ya Handeni na Korogwe, anastaafu.

Alianza kwa kung'oa magugu maji katika Mto Pangani, hapo Korogwe. Wenzake waliyasifu maua ya zambarau ya magugu hayo, yeye aliyaogopa. Hadi leo haondoki mtoni bila kukagua viatu, asije akabeba kipande. Zuena, karani wetu, humwita Bwana Magugu, naye huitika.

Masika ya 1975, lambo la kijiji kipya karibu na Misima lilifunikwa na magugu hayo. Hakuna ajuaye nani aliyaleta. Chini ya tuta lililozuia maji ya lambo palikuwa na nyumba hamsini za watu waliohamia mwaka uliotangulia. Semboja alikuwa ameandika barua mbili akitaka zisijengwe pale. Hakujibiwa, akanyamaza. Ukimya huo ulimtesa.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne tulikuta magugu yameziba njia ya kutolea maji, na tuta linavuja tope.

"Yangetoka maji safi, tungesubiri," alisema. "Haya yanakula tuta."

Alimwomba mwenyekiti, Mzee Mwinjuma, awaondoe watu wote.

"Wamehama juzi tu, Semboja. Niwaambie nini tena?"

"Waambie naogopa, mzee."

Mwinjuma alimtazama usoni, kisha akakimbia na umri wake wote.

Semboja hajui kuogelea. Alijifunga kamba kiunoni, akaingia majini na panga. Mara mbili magugu yalimfunika kichwa, nasi tukavuta kamba bila kujua tunamvuta mzima au maiti. Alikata kwa saa tatu hadi maji yakapata njia. Tukapata muda, watu wakapanda kilimani na watoto na kuku. Alasiri tuta lilikatika upande mmoja, maji yakachukua nyumba kumi na tisa. Zote zilikuwa tupu.

Hakushangilia. Alikaa kwenye matope akiwahesabu watu, akimaliza anaanza upya.

Kijiji kilijengwa upya juu ya kilima. Lakini hadi mwaka huu, wingu likitanda, Semboja huacha chakula mezani na kwenda kutazama matuta.

Ndugu Semboja, asante. Nenda nyumbani Masuguru, kwa mkeo, mama Paulina, na bustani yenu. Masika ijayo matuta tutayatazama sisi. Wewe kaa, ule ushibe, Mungu akupe siku nyingi za amani.