Baba Moraa, Aliyeijua Baridi ya Kila Mji kwa Kuosha Mabasi

Kwanza niwaulize nyinyi mliokaa viti vya nyuma na makoti mazuri: mlikuwa wapi? Norwich iko mwisho wa dunia? Plymouth wamefunga barabara? Miaka inapita, simu hampigi, leo mmesikia kuna pilau na keki ndiyo mmeikumbuka njia ya Birmingham. Haya, karibuni, nimefurahi kuwaona, mmenenepa. Lakini mtasoma karatasi hii hadi mwisho kabla ya kugusa sahani.

Shem Makori, Baba Moraa wetu, anastaafu tarehe 31 Desemba 2009, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuosha mabasi ya safari ndefu pale Digbeth, stesheni kuu ya Birmingham. Alitoka Kisii, akapewa ndoo na brashi, na brashi hiyo hakuiweka chini mpaka mwaka huu magoti yalipokataa. Mtu huyu hajawahi kufika Glasgow. Hajafika Plymouth. Mbali kabisa alikofika ni Coventry hapa jirani, tena kwa mazishi. Lakini muulize baridi ya mji wowote wa nchi hii, atakuambia hadi kidole gani cha mguu kitaanza kuuma.

Alijifunza kwa uchafu. Basi la Glasgow liliingia na theluji iliyochafuka, nzito kama uji wa mtama, na chumvi ya barabarani imeganda kwenye madigadi. La Norwich liliingia kavu, barafu nyembamba tu kwenye kioo, kwa sababu upande wa mashariki mvua ni kidogo, ila upepo unatoka baharini na hakuna mlima wa kuuzuia. La Plymouth lilikuwa na joto kidogo, tope jekundu mpaka madirishani, linachuruzika kama limetolewa ziwani. Na hapa kwetu Birmingham, alisema, tuko katikati, tunaonja kidogo cha kila jirani na hatushibi chochote.

Mimi nilikutana naye Januari 2001. Tulikuwa tumetoka Bukavu, Kongo, tukaambiwa nyumba yetu iko Glasgow, kaskazini. Kaskazini! Nilifurahi. Kwetu ukitoka Bukavu ukapanda kaskazini hadi Beni, unavua sweta. Nikagawa makoti yote tuliyopewa na kanisa. Nikawavalisha watoto nguo za Jumapili na viatu vya ngozi laini, maana mtu hafiki ugenini kama mkimbizi hata kama ni mkimbizi.

Baba Moraa alikuwa bado anaosha basi letu. Akatazama viatu, akanitazama mimi.

"Mama, hawa watoto mnawapeleka harusi ya nani?"

"Tunaenda Glasgow, baba. Kwenye joto."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikakasirika, nikamwambia hana adabu. Akanishika mkono akaupeleka chini ya madigadi, kwenye ule uji mweusi, akauacha hapo mpaka vidole vikauma.

"Hiyo ndiyo Glasgow," akasema. "Huku kaskazini ndiko baridi inakozaliwa. Nisubiri."

Akarudi na gumbuti nne za mpira, soksi za sufu, na koti lake mwenyewe. Alirudi nyumbani kwa miguu na fulana ya kazi. Mwanangu Aganze alivaa koti hilo miaka mitatu. Nyinyi mnaoniuliza kwa nini niliporudi Birmingham niliapa sitakosa siku yake ya kuagwa, ndiyo sababu.

Baada ya hapo akaanzisha kabati. Lilikuwa la vifaa vya usafi pale stesheni, limevunjika bawaba. Akaomba nguo makanisani, akaomba kwa Bwana Kewal mwenye duka la nguo mtaani kwetu Alum Rock, akazipanga kwa njia za mabasi. Rafu ya juu Glasgow: gumbuti na nguo zisizopitisha maji. Ya kati Norwich: skafu, kofia ya masikio, koti la kukata upepo. Ya chini Plymouth: koti la mvua, basi. Ole wako uchukue la manyoya uende nalo Plymouth. "Litakunywa mvua," alisema, "utatembea unanuka kama mbwa."

Ujuzi huo hata hapa kanisani tuliuona. Arsène, mwalimu wa kwaya, alikosa mazoezi akasema alilala na homa. Baba Moraa akatazama tope jekundu la viatu vyake. "Pole sana. Siku hizi homa inalala Plymouth?" Kumbe Arsène alikuwa amekwenda huko kumchumbia Sabine. Wako hapo mstari wa pili, watoto wawili.

Sasa nikasirike vizuri.

Mwaka 2006 basi moja lilichelewa dakika tatu kwa sababu Baba Moraa alimwambia mama mmoja ambadilishie mtoto viatu. Dakika tatu! Kampuni yake ya usafi ikamwita kwenye kikao. Akaomba barua kwa watu aliowavika, zisomwe mbele yao. Aliwapigia simu watu ishirini na wawili kati yenu. Zilikuja barua mbili. Moja yangu, nilisema mimi akaandika mjukuu wangu Merveille, kama anavyoniandikia hii, kwa sababu shule mimi sikuiona. Nyingine ya Makungu wa Norwich. Nyinyi wengine kalamu zilikauka? Mlikuwa na joto, mkasahau.

Meneja alisoma hizo mbili, akasema, "Winter ni winter, popote," akamkataza kusema na abiria. Baba Moraa akatii. Hakusema neno tena. Alisimama tu kando ya mlango wa basi la Glasgow, ameinua gumbuti juu kama mtu anayeuza samaki, mpaka mama mwenye watoto aje kuuliza. Miaka mitatu alifanya hivyo.

Na mwezi huu, pamoja na boksi la chokoleti, wamempa karatasi: kabati litolewe kabla hajaondoka, la sivyo litatupwa na vilivyomo. Hakulia kwa ajili ya kazi. Alilia kwa ajili ya kabati. Aliniambia, "Januari watapanda tena na viatu vya kanisa, Mama Aganze, na hakuna mtu pale mlangoni."

Mtu atakuwepo. Kabati liko kwangu Alum Rock, limeziba korido, naenda bafuni kwa ubavu. Kuanzia tarehe 5 Januari, Jumanne na Alhamisi, mimi nitasimama Digbeth na begi la magurudumu. Wanikataze kusema na abiria! Mimi hakuna aliyeniajiri, kwa hiyo hakuna wa kunifukuza. Lakini mimi naijua Glasgow tu. Plymouth siijui, Norwich siijui. Mnazijua nyinyi.

Baba Moraa, asante kwa mikono uliyoiloweka ili yetu ikauke. Nenda ukalale mpaka jua litoke, hata kama hapa halitoki. Magoti yapone, Moraa akuletee wajukuu, na pasiwe na ndoo mbele yako tena. Ishi vizuri, ndugu yetu.

Na wewe unayesoma: ukija tena Birmingham, usikimbilie teksi na usiniletee biskuti. Shuka Digbeth siku ya Jumanne au Alhamisi, umevaa koti ambalo mji wako ulikufundisha kuvaa, unitafute kwenye mlango wa basi la kwenu, na usimame nami hapo mpaka liondoke.

Mama Aganze