Maharage Ishirini ya Julieth

Kijiwe chetu cha Chemchem kiko hatua kumi kutoka pampu ya mkono, na hapo ndipo ninapouza kahawa tangu nilipoishia kidato cha pili. Wateja wangu wa asubuhi ni Injinia, ambaye ni fundi baiskeli, na Masikio, msikilizaji wa redio zote. Jumanne walikuta dada Julieth, mtunza pampu, ameifunga kwa mnyororo. Fundi wa pampu alikuwa njiani. Angeikuta nzima, kamati ya maji ingemwondoa Julieth siku hiyohiyo.

— Eti kaifunga kwa sababu ya maharage, Injinia akasema. Umesikia wapi?

— Anahesabu mipigo ya kujaza ndoo, nikamjibu. Kawaida ni kama arobaini. Ana vikombe viwili, cha “nzima” na cha “imebadilika”. Alianza na maharage kumi na tisa kwenye nzima, moja kule, maana pampu haiharibiki kila siku.

— Halafu?

— Jana ndoo moja ikala mipigo arobaini na saba. Akahamisha mawili tu, huenda mpigaji kachoka. Ikaja arobaini na nane, akahamisha manne. Ndoo ya kawaida ikitokea, anarudisha. Hadi jioni kule yalikuwa kumi na nane.

— Wapigaji wamelegea, binti. Ugali wa siku hizi.

— Si ugali, Masikio akadakia. Maji yamehama. Yanafuata reli, saa hizi yako Kigwa.

— Yamekata tiketi?

— Wewe cheka.

— Basi ni pembe za ndovu, Injinia akasema. Wapagazi wa misafara walizifukia hapa, zimeziba maji.

— Zikasubiri miaka yote hiyo mpaka jana mchana?

— Zilikuwa zinajipanga.

Julieth alikaa kando ya pampu. Fundi Bernardo akafika kutoka Igunga, akavuta mabomba juu. La tatu alituonyesha: kutu imelila kwenye maungio, maji yalikuwa yanavujia hapo, limebaki kushikilia kwa ukingo mwembamba kama ukucha. Lingekatika, mabomba yote ya chini yake yangetumbukia kisimani, na kiangazi hiki chote tungekosa maji.

Bomba jipya lilipoingia, ndoo ilijaa kwa mipigo thelathini na saba. Julieth hakung'ang'ania arobaini yake. Alirudisha maharage kumi na tisa kwa moja, akaanza kujifunza pampu upya. Sijaona mtu mwenye akili tulivu kama ile.

Bernardo akapokea kahawa.

— Na nyie mnaoteka hapa kila siku, mliona nini?

Injinia alimtazama Masikio. Masikio alitazama kikombe chake. Mimi, niliyeteka ndoo mbili pale jana, nikajifanya napuliza makaa.