Nilichagua Remorke kwa Haraka, Bwana Akaniketisha

Ndugu zangu, ninawasalimu kwa jina la Yesu, yeye ambaye upepo ulimusikia ukatulia. Sifa ni zake!

Mimi ni Mama Esperance, muuguzi wa materinite yetu hapa nyuma ya kanisa. Wengi wenu mumezalia mikononi mwangu. Mumeniona wakati wa mahubiri nikitoka nje, nikirudi, nikikaa kidogo, nikitoka tena. Mulifikiri ni kazi inaniita. Hapana. Leo nitawaambia ilikuwa nini.

Mimi nilikuwa mutu wa kukimbia. Nilizaliwa upande wa Rutshuru, na safari yangu ya kwanza ya kukimbia nilifanya mugongoni mwa mama yangu. Ya pili nilikimbia kwa miguu yangu, nikiwa na sufuria kichwani. Kisha nikaja Goma, nikasoma, nikaolewa, nikapata kazi, lakini moyo haukufika. Papa Innocent, muume wangu, ni mwalimu na ni mutu wa kupenda utulivu. Siku moja alinunua kabati la nguo. Nilimwambia alirudishe, kwa sababu kabati halibebeki. Ndani ya nyumba yetu hakukuwa hata musumari mumoja ukutani. Gari ikipiga honi kwa nguvu, muguu wangu wa kuume ulianza kutikisika peke yake. Nilikula nimesimama. Nilisali nimesimama. Hata kuomba niliomba haraka haraka, kama mutu anayechelewa kamyo.

Sasa sikieni jinsi Mungu alivyonishika.

Munajua shida ya umeme kwenye materinite. Mara ngapi mama amezaa chini ya mwanga wa simu, na mashine ya oksijeni imezima? Tuliomba jenereta miaka. Basi habari ikafika kwamba kiwanda kimoja cha kahawa, kule Rutshuru, kimepata umeme wa maji, na jenereta yao ya zamani imebaki tu, haina kazi. Mwenye kiwanda akasema: chukueni, ni sadaka yangu, lakini muiondoe mbele ya mavuno kuanza. Tulishangilia! Kisha tukasoma kibati chake. Uzito: kilo elfu moja na mia nane.

Kamati ikanipa mimi kazi ya kutafuta remorke, lile tela linalovutwa nyuma ya gari. Haikuwa ya kuileta tu. Kwetu hakuna nyumba ya kuiweka, na sakafu yetu ni mawe ya volkano, kwa hiyo tulikubaliana jenereta ibaki juu ya remorke, ikae hapo hapo na kufanya kazi hapo hapo. Ndugu zangu, neno hilo la magurudumu lilinifurahisha kuliko umeme wenyewe. Niliwaza: siku ya kukimbia, tunafunga ku gari, tunaondoka nayo.

Nilienda kumuona Muzee Kambale, fundi wa kuchomea vyuma. Alikuwa na remorke moja ya esieu mbili, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, maana yake magurudumu manne. Ilikuwa na kutu, mbao zake zilioza, freni zake, zile breki, zilikuwa chini, zimefunguliwa. Aliniambia anahitaji wiki nzima. Atabadilisha sakafu aweke bamba la chuma, atatengeneza freni, atachomelea miguu minne ya kusimamishia kwenye pembe, ili mutambo ukishafika uzito utoke kwenye magurudumu. Alinieleza kwa upole kwamba rangi si kitu, mutu anainama anaangalia chini: esieu, freni, ndoano ya kuvutia, na kile kibati kinachosema remorke inaweza kubeba kilo ngapi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea barabarani.

Akaniuliza, "Mama, hii jenereta inakuja kukaa, ao inapita tu?"

Nikaendelea kutembea. Niliona ni swali la mutu mwenye nafasi.

Siku ile ile nilipata remorke ingine kwa muchuuzi mumoja wa vyuma. Rangi ya buluu, safi, magurudumu mawili, esieu moja. Freni haikuwa nayo. Nilimuuliza kama itabeba. Akasema imebeba vizito kuliko hivyo. Nilimuuliza tena kama ninaweza kuipata kesho. Akasema hata leo. Neno hilo "leo" ndilo lililoninunulia remorke. Kibati sikukitafuta. Sikuinama.

Siku chache baadaye tulienda na Papa Safari, dereva wa kamyo, lile lori kubwa, mukristo wa hapa hapa. Pale kiwandani vijana walishusha jenereta kwa palan, winchi ya minyororo, na ilipogusa sakafu ya remorke niliona magurudumu yote mawili yakilala kidogo pembeni, kama miguu ya mutoto anayejifunza kusimama. Safari aliniangalia. Nikamwambia twende.

Tulipita Rumangabo vizuri. Tukapanda polepole hadi Kibumba, na mimi moyoni ninahesabu kona. Kupanda hakukuwa shida. Shida ni kushuka. Ile remorke isiyo na freni ilianza kusukuma kamyo kutoka nyuma. Safari alikanyaga freni, remorke ikayumba kushoto, ikayumba kuume. Halafu kishindo kikubwa. Pneu, ile tairi ya kushoto, ilipasuka, esieu ikapinda, chuma kikakwaruza mawe, na tukasimama. Remorke ilikuwa imeinama upande wa bonde, imeegemea ukuta mufupi wa mawe. Chini ya ukuta ule kulikuwa nyumba.

Watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao, waliokuwa wakishuka na viazi walitusaidia, Mungu awabariki. Walisukuma mawe chini ya gurudumu lililobaki. Safari akampigia Muzee Kambale simu. Muzee hakuuliza mengi. Kumbe alikuwa ameendelea na remorke yake bila mimi kumuagiza: alisema sakafu imeisha, freni zimeisha, rangi bado, anakuja.

Kungoja, ndugu zangu! Nilitembea kutoka kamyo hadi remorke, kutoka remorke hadi kamyo. Sijui mara ngapi. Basi haikupita muda murefu, tukaona watu wanapanda kutoka kwenye kona ya chini, wanakimbia. Kina mama na godoro, watoto wanavutwa mukono. Wanasema risasi imelia. Wale wa chukudu wakageuza chukudu zao, wakaondoka. Safari akasema tufungue ndoano, tuache remorke, tuponye roho.

Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye mulango wa kamyo. Muguu mumoja ulikuwa juu ya ngazi.

Na hapo ndipo Bwana alinikumbusha kitu ambacho sikuwahi kukiungama mbele ya mutu. Mwaka ule mulima ulipotema moto, nilikuwa kazini, kwenye materinite ingine. Wote walikimbia. Kulikuwa mama mumoja kitandani, uchungu umemushika, na nilikuwa nimeshika mukono wake. Niliuachilia. Nilimwambia ninaenda kutafuta maji, nikatoka, nikafuata watu barabara ya Sake, na sikurudi. Mutu mwingine alimubeba, akazaa njiani. Hilo nililisikia baadaye, nikanyamaza. Miaka yote nilisema nakimbia vita, nakimbia mulima. Kumbe nilikuwa ninakimbia kile kitanda.

Nilitazama chini ya ukuta. Mama mumoja alikuwa mulangoni mwa ile nyumba, mukongwe, na fimbo, miguu yake imevimba. Hakuwa anakimbia kwa sababu hakuweza. Alikuwa anaangalia jenereta juu ya kichwa chake. Ile ndoano ya kamyo ndiyo iliyokuwa inashika remorke. Tukiifungua, mawe yale machache hayatatosha, na kilo elfu moja na mia nane zinaingia kwake.

Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hiki chuma kitakaa?"

Nikashusha muguu. Nikamujibu, "Kitakaa. Na mimi nitakaa nacho."

Ndugu zangu, sikusema hivyo kwa ushujaa. Nilimwambia Safari kama anataka kwenda aende kwa miguu, lakini kamyo ibaki. Safari ni baba wa watoto sita. Akatoa ufunguo, akaweka mufukoni, akaanza kuokota mawe. Tulibeba mawe mpaka mikono ikatoka damu. Tulipomaliza nikakaa chini. Nilikaa! Juu ya jiwe, karibu na gurudumu, na nikasema, "Bwana, sina pa kwenda tena. Niko hapa." Sikuwa na maneno mengine. Nililia kwa ajili ya yule mama wa kitandani, na nikaomba msamaha, na sijui dakika ngapi zilipita. Nilipoangalia muguu wangu wa kuume, ulikuwa umetulia. Ukiniuliza ulitulia saa gani, sijui. Niliukuta tu umetulia, kama mutoto aliyelala.

Kisha nikamuuliza yule mukongwe kama na yeye amesikia risasi. Akasema alisikia. Nikamuuliza zilikuwa ngapi, na zilitoka wapi. Akasema ilikuwa moja tu, hapa juu, na nyuma yake chuma kukwaruza.

Mimi na Safari tulitazamana. Mwangwi wa mulima uliwadanganya kule chini: watu wote wale, na godoro zao, walikuwa wanakimbia pneu yangu.

Sikucheka siku ile. Nilisimama katikati ya barabara, nikawaambia wote waliopita kwamba hakuna vita, ni remorke yangu, ni mimi niliyechagua vibaya, warudi kwao. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Walirudi.

Muzee Kambale alifika jua likiwa bado liko juu, akivuta kwa gari remorke yake ya magurudumu manne, haina rangi hata tone. Aliinama akaangalia ile esieu iliyopinda. Nilingoja anilaumu. Alifunga palan yake, tukahamisha muzigo polepole, akaweka jenereta mbele kidogo ya katikati ili remorke isiyumbe, akaikaza na minyororo, akaikaza tena. Tulishuka Goma mwendo wa mutu anayetembea. Sikuhesabu hata kona moja.

Leo munaiona pale uani. Miguu yake minne iko juu ya saruji, magurudumu hayagusi chini, bati liko juu, moshi unatokea upande wa barabara, mbali na madirisha ya wazazi. Watoto wachanga wanapumua.

Na kile kitanda? Nilimutafuta yule mama. Nilimupata Sake, anauza unga. Nilipiga magoti mbele ya wateja wake, nikamwambia kila kitu. Alisema, "Nilijua huendi kutafuta maji. Nilikuombea ufike." Mutoto wake ni musichana, sasa anasoma. Ndugu zangu, mutu ambaye nilimuacha ndiye aliyekuwa ananishika kwa maombi, na mimi sikujua!

Sitawadanganya. Hofu bado inapita. Juzi nilisikia kelele sokoni nikasimama haraka. Lakini sasa najua kuuliza: zilikuwa ngapi, zilitoka wapi? Na nikijua hakuna hatari, ninakaa. Na ikija siku ya kuhama kweli, nitahama nikiwa nimeshika mukono wa mugonjwa wangu.

Namushukuru Mungu, namushukuru Papa Innocent aliyevumilia nyumba isiyo na kabati, namushukuru Safari, na Muzee Kambale. Kama kuna mutu hapa ambaye mwili wake umekaa kwenye benchi lakini roho yake iko njiani, ninamujua, nilikuwa yeye. Usingoje mpaka pneu ipasuke. Yesu hachoki kukungoja mahali pale ulipotoroka, rudi, utamukuta. Baada ya ibada sitatoka haraka. Nitakuwa nimekaa hapa mbele, benchi ya kwanza. Njoo ukae na mimi, tuombe.