Bhagwanti na Boti Aliyoipaka Rangi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bhagwanti, aliyetutoka Februari hii huko Kiamunyi akiwa na miaka sitini na mmoja.

Kwa miaka kumi na miwili Bhagwanti aliishi ndani ya boti. Ndiyo, boti ya matanga, hapo Ziwa Naivasha, yeye na mumewe, Mzee Mahesh. Walipikia humo, wakalala humo. Nyuma ya boti paliandikwa Deepa. Deepa alikuwa binti yao, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka tisa.

Agosti mwaka jana boti ilivutwa nchi kavu ipakwe rangi upya. Mzee Mahesh alisema magoti yanamuuma, kwa hivyo kazi ikawa ya Bhagwanti na fundi Kahiga. Miezi minne. Bhagwanti alikwangua rangi kuukuu ya buluu, akapiga msasa, akapaka nyeupe mara tatu. Kahiga anasema mama alikuwa anakohoa vumbi la buluu na hapumziki. Jina la Deepa aliliandika mwenyewe, kwa brashi ndogo.

Siku ya kuishusha majini, Desemba, alikuja na sari mpya na nazi ya kuvunja kwa baraka. Akakuta mabegi yake yamepangwa kwenye nyasi. Kando ya mumewe alisimama mgeni kutoka Nairobi. Boti ilikuwa imeuzwa kwake tangu Septemba, kwa sharti rangi ikamilike. Mzee Mahesh alikuwa anahamia kwa mtoto wao Varun, mjini Nakuru, na huko, alimweleza mbele ya watu, chumba ni cha mtu mmoja.

Bhagwanti aliuliza kwa nini hakuambiwa.

"Ningekuambia, ungemaliza kupaka?" Mzee alimjibu. "Rangi yako ndiyo imeiuza."

Mgeni alitaka jina lifutwe kwanza. Kahiga alikataa. Bhagwanti akauchukua msasa mkononi mwa fundi.

"Aliyemwandika ni mimi. Nitamfuta mimi."

Alifuta herufi moja moja. Kisha boti ikashushwa, watu wakapiga makofi.

Dada yake, Falguni, alimpokea Kiamunyi. Kikohozi hakikuisha. Mwisho wa Januari kilizidi, na barabara zilikuwa zimefungwa kwa vurugu. Walimfikisha hospitali siku ya nne, wakiwa wamechelewa. "Alikuwa ananiuliza kama rangi imekauka," anasema Falguni.

Mzee Mahesh alitupigia simu asubuhi. Aliomba atajwe kama mume, na boti isitajwe. Tumevitaja vyote viwili.

Pole sana, Falguni. Pole, fundi Kahiga. Pole hata kwako, Varun. Na wewe unayenisikiliza, mtazame anayekufanyia kazi hapo nyumbani. Je, anajua unachokijua?