Ngoy Anaitika, Ngoy Hayupo

Mgeni rasmi, Mama Daktari Marlène, mtafiti wa dawa za saratani, Tata Prefe mkuu wa shule yetu, walimu wetu:

Sisi wanafunzi wa bweni wa mwaka wa tano tunakukaribisha Kolwezi kwa heshima zote, na kwa viatu vilivyopigwa brashi jana kwa amri.

HISTORIA

Ngoy alilala kitanda cha juu, Symphorien cha chini. Ndio waliomfunga mbuzi wa Tata Prefe tai ya shingoni, tukaadhibiwa bweni zima. Kisha Ngoy akapata saratani ya tezi, akapelekwa Lubumbashi. Akiondoka alimwambia Symphorien, "Ukuwe unaniitikia, basinisahabu," yaani wenzake wasimsahau.

Basi kila jioni majina yakiitwa, Symphorien huitika mara mbili, ya pili kwa sauti nene ya Ngoy. Halafu hulala akitazama mbao za kitanda cha juu, ambazo siku hizi hazilii.

MAFANIKIO

Kwa hadubini tuliona chembe za mzizi wa kitunguu zikigawanyika. Mwalimu Benoît alieleza kwamba kuna protini zinazovuta kromosomu pande mbili, kama mchezo wa kuvuta kamba. Dawa unazotafiti huwashika wavutaji mikono. Chembe ya saratani ikishindwa kugawanyika, inakufa.

Symphorien akauliza mbona Ngoy hana nywele tena. Mwalimu akasema chembe za nywele nazo hugawanyika haraka, na dawa nyingi bado hazijui kuchagua.

CHANGAMOTO

Juzi Ngoy alipiga simu. Sauti ile nene imekuwa nyembamba. "Utakuya lini?"

Symphorien akaenda kuomba ruhusa ya kumtembelea mgonjwa. Tata Prefe, ambaye hajamsahau mbuzi wake, akamjibu, "Kuona nani? Ngoy eko hapa. Kila mangaribi niko namusikia anaitika."

Bweni zima tulicheka. Symphorien alipanda kitanda cha juu, akalala huko na viatu.

MAOMBI

Kwanza, Mama Daktari, utupatie dawa inayojua kuchagua. Pili, tumeona gari lako la kurudi Lubumbashi lina kiti kitupu, kinachomtosha Symphorien. Tunamwomba Tata Prefe, mbele yako, akubali kwamba Ngoy hayupo. Neno hilo, "hayupo", hata sisi tuliliandika tukalifuta. Jioni hii jina lake likiitwa, Symphorien ameahidi kunyamaza.

Mungu akulinde kati ya malori ya madini, aibariki kazi yako, na akae karibu na anayesubiri.

Ni sisi, wanafunzi wa bweni, mwaka wa tano, Ngoy akiwa hayupo.