Royston Outhwaite na Albamu ya Kumi na Moja

Ndugu, jamaa na majirani mliojazana humu, pamoja nanyi mliokosa nafasi mkasimama nje kwenye mvua, mimi ni Avril, dada wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kwa kuwa mjane wake Janice hawezi, na binti yake Kerry amesema akishika kipaza sauti atatukana.

Marehemu Royston Outhwaite alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Hull, Uingereza, mtaa wa Hessle Road, mtoto wa pili na wa mwisho wa mpakua samaki bandarini, akasoma hapa hapa mtaani hadi mwaka 1974, mwalimu mkuu alipomwambia asirudi, naye kwa mara ya kwanza akamtii.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha kukausha samaki kwa moshi, na mwaka 1977 yeye na Neville Sugden, ambaye tunaye safu ya tatu, amevaa miwani ya jua ndani ya kanisa, wakaanzisha bendi ya panki, ule muziki wa kelele na hasira, iliyoitwa Kutu, Royston akipiga gitaa kama mtu anayevunja mlango, Neville akifoka, nyimbo zao fupi, chafu na za kweli, kuhusu bandari yetu iliyokuwa ikifa huku wakubwa wakitazama.

Alifunga ndoa na Janice Pell tarehe 7 Juni 1986, asubuhi, kwa sababu jioni kulikuwa na onyesho, wakajaliwa Kerry mwaka 1989.

Sasa nafika mwaka 2019, ambao Neville ameniomba kwa simu niupitie kwa upole. Neville, aliyekuwa amehamia Ureno, ambako ana bwawa la kuogelea na mtu wa kulisafisha, alirudi na wazo la albamu ya kumi na moja, akaiita Mwanga Mpole, akaleta wapiga fidla, kwaya ya watoto, na prodyuza aliyesema hasira haiuziki tena kwa watu wa umri wao. Royston alirekodi gitaa lake, akarudi nyumbani na furaha, na siku albamu ilipotoka tuliketi sebuleni kwake kuisikiliza, wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, gitaa lake hatulisikii, hadi Janice akauliza kama spika moja imekufa. Haikuwa imekufa. Walikuwa wamemfuta. Nimesikia rekodi mbaya nyingi, ila hii ni uji wa mgonjwa, hauna chumvi wala sukari, na Neville anaimba humo habari za machweo kama mtu anayeuza bima ya mazishi.

Royston hakugomba. Katika uzinduzi, tarehe 2 Novemba, aliagizwa asimame na gitaa lisilounganishwa popote, kwa ajili ya picha tu. Akapanda, akaliweka chini, akaketi ukingoni mwa jukwaa, akala mkate wake wa soseji taratibu wimbo mzima, watu wakampigia miluzi ya kumshangilia hadi fidla zisisikike. Nyuma ya jukwaa Neville akamwambia, "Roy, umeniaibisha mbele za watu."

Kaka yangu akajibu, "Mimi angalau nilikuwa nafanya kitu, Nev. Nilikuwa nakula."

Hawakusemezana tena. Mapafu yake yalianza kumsumbua Februari 2023, akatibiwa hapa mjini, Neville asije, akatuma maua yenye kadi iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, hadi marehemu alipotutoka tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi. Juzi Neville alipiga simu akitaka Mwanga Mpole ipigwe jeneza likitoka, na jibu alilopewa na Kerry siwezi kulisoma kanisani.

Lakini neno la marehemu ni neno. Wiki yake ya mwisho, Janice alipomuuliza akina nani walibebe jeneza lake, alitaja wanangu wawili na wenzake watatu wa kiwandani, kisha akasema, "Na Nev. Yule hajabeba hata spika moja tangu tuanze. Mwambie safari hii abebe." Akacheka mpaka akakohoa, halafu akageukia ukutani akalia, nasi hatujui kama ilikuwa adhabu au alimkumbuka tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani walioleta pai na kukaa nasi, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani, ambao leo makoti yao yananukia moshi kama lake.

Neville, nafasi yako ni nyuma kushoto. Vua miwani, kuna ngazi.

Lala kwa amani, kaka. Kelele zako tumebaki nazo.