Papa Constantin na Mfuko Uliokuwa Mzito Asubuhi

Ijumaa tarehe 27 Machi 2026, Papa Constantin Ngoie Mukalay anastaafu baada ya kuitumikia Gereji Tuungane, hapa Likasi, kwa miaka thelathini na minne. Sifa zake zingefaa kuandikwa na mtu mwenye moyo mweupe. Badala yake nimepewa mimi, Patrice, mkuu wa geti, ambaye hulipwa kwa kumshuku kila anayetoka na mfuko. Mtanivumilia.

Alianza kwa kuosha vipuri, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa injini. Ugonjwa wa injini huutafuta kwa sikio, na akisikiliza, hata Chérie wa ofisini huzima redio. Kuna siku alisimamisha msafara wa harusi barabarani kwa sababu gari la pili lilikuwa linagonga. Alilitengeneza papo hapo akiwa na suti. Bibi harusi alishamsamehe, mama mkwe bado.

Kila jioni nilifungua mfuko wake: bakuli tupu la bukari, ugali wetu, kitambaa, miwani. Hakuna kingine. Kwa mtu wa geti, fundi asiyekutwa na hata msumari miaka yote hiyo si malaika, ni mjanja tu ambaye hajakamatwa.

Kiangazi kilichopita nikaona jambo. Mfuko wake uliingia mzito asubuhi, bega limeinama, ukatoka mwepesi jioni. Mji wetu ni wa migodi na viwanda, na desturi ni moja: mtu hupekuliwa akitoka. Anayeingia hapekuliwi, nani aibe kwa kuingiza? Nilimuuliza, akanicheka:

"Weye unatafutaka bantu benye kutoa bintu. Minye niko naingiza. Kosa iko wapi?"

Jibu safi namna hiyo lilininyima raha. Nikaanza kumchungulia saa ya chakula. Wenzake wakila, yeye alikuwa ameinama ndani ya jeep ya kijani, ile kuukuu inayopeleka mafundi Kambove na Kakanda. Hapa kwetu mstaafu huchagua kitu kimoja uwanjani na kwenda nacho nyumbani. Nikajiambia: bwana huyu anaitengeneza jeep ya kampuni kwa saa za kampuni, halafu aichague. Nikasubiri nimnase.

Alichokuwa akifanya ni kuifungia jeep kiyoyozi. Jeep ile ina injini ndogo ya silinda sita, ya zamani, ambayo hata bila mzigo huo huchemka mlimani. Kompresa ya kiyoyozi hunyonya nguvu ya injini, na ile radiata ndogo ya ubaridi inayokaa mbele huizuia radiata kubwa isipate hewa. Akafunga radiata nene zaidi, feni yenye mapanga sita, na bati la kuizunguka ili hewa isipotee pembeni. Akachonga kishikizo cha kompresa kwa chuma chakavu na kuweka puli ya mifereji miwili. Siku ya jaribio la kwanza maji yalichemka kabla ya kufika Kambove, na kusema kweli nilifurahi. Yeye akaongeza swichi ya kuizima kompresa mlimani, akarudi barabarani. Haikuchemka tena.

Lakini kompresa yenyewe ilitoka wapi? Jumapili moja nilikwenda kumsalimu nyumbani, yaani kumpeleleza. Nikalikuta gari lake la buluu, boneti wazi, na mahali pa kompresa pana shimo. Mkewe, Mama Hélène, alikuwa amekasirika kwa kukosa kiyoyozi:

"Nauliza klima ya motokari yangu iko wapi, ananiambia iko ku kazi!"

Nilirudi kwangu nimechoka. Fundi mkuu alikuwa anajiibia mwenyewe na kuingiza kwetu, kipande kwa kipande, mbele ya macho yangu.

Ilikuwa kwa ajili ya Georges, dereva wa jeep. Mapafu yake yameharibika, na daktari alishamwambia: vumbi la malori likiendelea, usukani basi. Madirisha wazi, anakohoa. Madirisha yamefungwa, anapikika. Kazi nyingine ya kumpa haikuwapo, na ana watoto shuleni. Papa Constantin hakuomba ruhusa kwa sababu alijua jibu: nani anunue kiyoyozi cha jeep kuukuu?

Georges bado anaendesha. Siku ya kwanza alirudi kutoka Kakanda, gari jekundu kwa vumbi, shati lake jeupe. Alisema tu, "Vumbi iko inje, minye niko ndani," akageuza uso. Nami nilipenda mno, siku ile, kuwa nimekosea.

Juma lililopita mkurugenzi wetu, Mama Carine, alimwambia mstaafu achague kitu chake uwanjani. Mtu wa geti haponi: bado nilikuwa na uhakika, jeep. Akachagua feni ya zamani aliyoing'oa, ile ya mapanga manne. Bado najiuliza anaitakia nini.

Asante, Papa Constantin, kwa injini zote na kwa pumzi ya Georges. Mungu akupe siku ndefu zenye afya, na amani na Mama Hélène. Ijumaa nitakupekua getini kama kawaida. Ukiona mfuko umekuwa mzito, usinung'unike: ni kompresa nyingine, tuliyolinunulia gari lako la buluu, na safari hii walioiingiza ni sisi.